Mshahara Una Tarehe Yake

Mwezi wa kwanza mshahara ulipochelewa kwa siku 4, hakuna aliyesema neno. Tulikuwa watu 14 katika ghala la kampuni moja binafsi hapa Kigoma mjini, iliyokuwa ikipokea saruji, mabati na sukari kutoka Dar es Salaam na kuvusha mzigo huo ziwani kwenda Kalemie na Bujumbura, nami nilikuwa mtunza stoo. Mwezi wa pili ulichelewa kwa siku 9, na mkurugenzi akatuita chini ya mwembe ulio nyuma ya ghala, akatueleza kwa upole kwamba wateja wa ng'ambo hawajalipa na kwamba tuvumilie kidogo. Mwezi wa tano tulipokea nusu mshahara tarehe 17 ya mwezi uliofuata, na nusu iliyobaki tukaambiwa itaunganishwa na malipo yajayo. Kufikia mwezi wa nane hatukuuliza tena mshahara utatoka tarehe ngapi. Tuliuliza kama utatoka, na aliyeulizwa alijibu kana kwamba tumemwomba nauli.

Tangu nilipoacha kazi pale nimekuwa nikipigiwa simu na watu wa Kasulu, wa Uvinza na hata wa Tabora wanaouliza jambo hilohilo: mwajiri hakatai kulipa, ila kila mwezi anatupiga kalenda, je, tufanye nini? Swali lao naliona gumu kuliko la mtu aliyenyimwa mshahara moja kwa moja. Anayenyimwa anajua kwamba amedhulumiwa, lakini anayecheleweshewa hupewa kila mara kitu kidogo kinachomfanya aone haya kulalamika, na kwa sababu fedha hatimaye huja, yeye mwenyewe husahau kwamba zilikuja mwezi mzima baada ya siku yake.

Hasara ya kuchelewa haionekani katika mshahara wenyewe, kwa sababu tarakimu hazipungui. Mimi niliiona katika daftari la mkopo la mama mwenye duka, mtaani kwetu Mwanga. Jina langu lilikuwa na ukurasa wake, na kila mstari ulikuwa na kitu kidogo: unga kilo 2, mafuta ya kula robo lita, sabuni mche 1, vocha. Siku moja aliufunua ukurasa ule, akaugeuza upande wangu bila ukali, akaniambia: "Mwanangu, hao mabosi zako wanakulipa lini? Maana mimi sukari nainunua kwa fedha mkononi." Sikuwa na jibu. Mwezi huohuo nilipigwa faini kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa kuchelewesha hisa, na mwenzangu wa upande wa upakiaji alikwenda kwenye mikopo ya kausha damu, akachukua 200,000 na kurejesha 260,000 baada ya siku 30, ili tu kodi ya nyumba isimtie aibu mbele ya watoto wake. Shilingi zile 60,000 hakuna aliyemrudishia. Kwa lugha nyingine, mwajiri alikuwa akikopa kwetu bila riba, nasi tukikopa mtaani kwa riba ili tuweze kumkopesha yeye.

Kwa kuwa nilikuwa stoo, niliona pia jambo ambalo wenzangu hawakuliona kwa urahisi. Mafuta ya boti hayakuwahi kukopwa. Wapagazi wa bandarini walilipwa jioni ileile, kwa sababu wasipolipwa kesho yake hawabebi mfuko hata mmoja. Ushuru ulilipwa. Umeme ulilipwa, tena kwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ambayo haijui kuvumilia. Fedha zilikuwapo, ila zilikuwa na foleni, na sisi tuliokuwa na mikataba na vitambulisho vya kampuni tulisimama mwisho kabisa wa foleni hiyo kwa sababu subira yetu haikumgharimu mtu yeyote chochote. Sisemi kwamba kila mwajiri anayechelewesha ni mwongo, kwani wapo waliokwama kweli, na biashara ya kuvuka ziwa ina misukosuko yake. Hata hivyo, aliyekwama kweli huwa hakatai kuandika lini atalipa.

Sheria inayotuhusu wengi wetu tulio sekta binafsi Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 27, kwa mpangilio wa sheria hiyo ilipotungwa, kinamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi ujira wake katika siku ya malipo waliyokubaliana, mahali pa kazi na ndani ya saa za kazi, kwa fedha taslimu, au, kama wamekubaliana hivyo, kwa hundi au kwa kuingiza fedha katika akaunti ambayo mfanyakazi ameitaja. Kinamtaka pia ampe taarifa ya maandishi yenye mchanganuo wa malipo, yaani ile tunayoiita slipu ya mshahara, na kukiuka masharti hayo ni kosa. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu nikitafuta mahali panapomruhusu mwajiri kuisogeza siku ya malipo kwa sababu wateja wake hawajamlipa, sikupaona.

Kila kitu, basi, kinaanzia kwenye tarehe. Mkataba wangu ulisema mshahara utalipwa ifikapo tarehe 30 ya kila mwezi, na sentensi hiyo moja ilinisaidia kuliko hotuba zote tulizopeana chini ya mwembe. Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa, kwa sababu sheria imemwekea mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, yakiwamo ya ujira na namna unavyokokotolewa, na shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria huku mwajiri akishindwa kutoa maandishi hayo, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Taarifa ya akaunti ya benki ya miezi ya mwanzo, wakati mambo yalikuwa mazuri na mshahara ukiingia tarehe 28 au 29 bila kukosa, nayo ni ushahidi mzuri wa siku ambayo pande zote mbili zilikuwa zikiichukulia kuwa siku ya malipo.

Nilinunua daftari la kurasa 48 na kulipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya mwezi, ya pili tarehe iliyopaswa, ya tatu tarehe niliyopokea kweli, ya nne kiasi, ya tano njia ya malipo, na ya sita, ambayo baadaye ilikuja kuwa na thamani kuliko zote, ilikuwa ya maneno: nani alisema nini kuhusu fedha hizo, lini, na mbele ya nani. Ujumbe wa meneja katika kundi la WhatsApp la ofisi, "Mshahara utaingia Ijumaa bila shaka," niliuhifadhi na kuunakili, maana kundi linaweza kufutwa na simu inaweza kudumbukia ziwani. Malipo yaliyopitia kwenye simu niliyaombea taarifa kutoka kwa mtandao husika badala ya kutegemea meseji pekee.

Jambo la kuangalia kwa makini ni orodha ya malipo. Mwezi ule tuliopokea nusu, karani wa fedha alituletea orodha iliyoandikwa mshahara kamili mbele ya kila jina, akatuomba tusaini "kwa ajili ya hesabu za ofisi tu". Wenzangu kadhaa walisaini na kuondoka. Mimi nilisaini pia, kwa kuwa sikutaka kugombana na karani ambaye naye hakuwa amelipwa, lakini pembeni ya saini yangu niliandika kwa kalamu: nimepokea nusu, na kiasi chake kwa tarakimu, na tarehe ya siku ile. Karani alinitazama juu ya miwani. Akasema hakuna aliyewahi kuandika hapo. Nikamjibu kwamba na mimi sijawahi kupokea nusu. Nikaomba nipige picha ukurasa ule, akasita, kisha akageuka kutazama dirishani hadi nilipomaliza. Saini isiyo na tarehe wala kiasi halisi ni risiti ya fedha ambazo hujazipata, na mwenye kuishika risiti hiyo si wewe.

Hatua iliyofuata ilikuwa barua, na hapa nilifanya kosa ambalo ningependa msomaji aliepuke. Barua ya kwanza niliiandika peke yangu. Ilikuwa na adabu, ilikuwa na hoja, na matokeo yake yalikuwa kwamba niliitwa ofisini, nikaambiwa, "Wewe kijana ndiye unayewachochea wenzako," na kwa wiki mbili nikahamishwa kutoka stoo kwenda kuhesabu malori getini. Barua ya pili tuliiandika pamoja. Kati ya watu 14, tulisaini 9. Wawili waliogopa, mmoja alikuwa ndugu wa mkurugenzi, na wawili walisema wangetuunga mkono kimyakimya, msaada ambao hadi leo sijaelewa unavyofanya kazi. Tulitaja miezi iliyochelewa na siku zake, kiasi ambacho bado hakijalipwa kwa kila mmoja, tukaomba jibu la maandishi ndani ya siku 7 lenye ratiba ya kulipa malimbikizo. Hatukutishia. Hatukutaja njaa ya watoto wala maradhi ya wazazi, ingawa yalikuwapo, kwa sababu tulikuwa tukidai tulichokifanyia kazi na hatukutaka ionekane kwamba tunaomba kuhurumiwa.

Nakala ya barua lazima igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, pamoja na tarehe. Katibu muhtasi alikataa kuipokea, kwa maagizo nadhani, nasi hatukubishana naye. Tuliipeleka Posta, tukaituma kwa rejista na kuitunza risiti. Risiti hiyo ndogo, ambayo haikufikia ukubwa wa kiganja, ilikuja kumnyima mkurugenzi nafasi ya kusema kwamba hakuwahi kupata malalamiko yoyote.

Wengi huniuliza kama mtu hawezi kufukuzwa kwa kuandika barua ya namna hiyo. Anaweza kufukuzwa, kwa maana kwamba mwajiri ana kalamu na karatasi za kuandikia barua ya kumfukuza. Kinachofaa kuulizwa ni kama kufukuzwa huko kutakuwa halali, na sheria inasema wazi kwamba kutumia haki ambayo mfanyakazi amepewa na mkataba au na sheria si sababu halali ya kumwachisha kazi. Ijulikane tu kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye bado hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, ingawa mshahara wake wa siku alizofanya kazi anaudai kama mtu mwingine yeyote.

Barua ilipokosa jibu, tulikwenda kwa Afisa Kazi. Huyu si hakimu na hatoi hukumu kati yako na mwajiri, lakini Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, imempa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu za ujira, kuhoji watu, na kumwandikia mwajiri amri ya kumtaka atekeleze sheria pale anapoona imekiukwa. Kwa mtu ambaye bado anaitaka kazi yake, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza, kwa sababu ukaguzi hauhitaji jina lako litajwe mbele ya mwajiri kama mdai, na afisa akifungua daftari la mishahara anaona la kila mtu. Kwetu alifika siku mbili baada ya sisi kwenda ofisini kwake. Wiki iliyofuata tulilipwa mwezi mmoja mzima pamoja na ile nusu ya zamani, tukacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mwezi uliofuata mshahara ukachelewa tena kwa siku 21.

Ndipo tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA. Kuna hesabu moja hapa ambayo imewapotezea watu haki zao kuliko ubishi wowote wa mwajiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine, ukiwamo wa mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Siku 60 ni miezi miwili. Mtu anayepigwa kalenda, kila baada ya wiki mbili akipewa ahadi mpya, anazimaliza siku hizo akiwa bado anasubiri Ijumaa ijayo, kwa sababu mazungumzo na mwajiri hayaisimamishi saa. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu yake maalumu, lakini atatakiwa kueleza sababu za msingi za kila siku aliyochelewa, na kusema "bosi alikuwa akituahidi" au "sikuijua sheria" hakumfikishi mbali. Sisi tulipohesabu katika lile daftari langu, tulikuta kwamba mwezi wa zamani kuliko yote uliokuwa bado na deni ulikuwa umefikisha siku 52. Tulikuwa na siku 8, nasi tulikuwa tumepanga kusubiri hadi baada ya sikukuu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kama watu wanavyouhofia. Unajaza fomu namba 1 ya Tume, unampelekea mwajiri nakala, unarudi na uthibitisho kwamba ameipata, kisha unapangiwa siku. Hakuna ada ya kufungua. Tukiwa watu 9 hatukulazimika kujaza fomu 9 tofauti. Tulimteua mmoja wetu kwa maandishi asaini kwa niaba yetu na kuambatanisha orodha ya majina yenye saini. Mgogoro hushughulikiwa katika eneo ulikotokea, kwa hiyo mfanyakazi wa Kigoma ambaye makao makuu ya kampuni yake yako Dar es Salaam hahitaji kupanda treni kwenda kudai huko. Kampuni ndiyo itakayomtuma mtu wake huku. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au na wakili.

Usuluhishi ulifanyika katika chumba kidogo chenye meza moja ndefu na feni inayolia. Nilitarajia kitu kama mahakama, nikakuta msuluhishi aliyevaa shati la mikono mifupi akituuliza sote, mkurugenzi akiwa miongoni mwetu, kama tumekunywa chai. Alieleza kwamba yatakayosemwa mle ndani ni ya siri na hayawezi kutumiwa na upande mwingine baadaye. Mkurugenzi alianza na ile hadithi ya wateja wa ng'ambo. Msuluhishi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida: "Kwa hiyo deni hulikatai?" Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Alikubali. Baada ya hapo mazungumzo yalihusu tarehe tu: malimbikizo yalipwe kwa awamu 3, na mshahara wa kila mwezi usivuke tarehe 5 ya mwezi unaofuata, jambo ambalo sisi wenyewe tulilikubali ingawa mikataba ilisema 30. Tulisaini. Hati ya namna hiyo inazifunga pande zote na inaweza kupelekwa mahakamani ikatekelezwe, tofauti kabisa na ahadi ya chini ya mwembe.

Kama tusingeafikiana ndani ya siku 30, shauri lingeweza kwenda kwenye uamuzi, ambako kuna kiapo, mashahidi na vielelezo, na tuzo inayotolewa hutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu iipitie. Mwajiri anayeamua kutokufika kwenye usuluhishi anajiweka pabaya, kwa sababu msuluhishi ana mamlaka ya kuamua malalamiko bila yeye. Mlalamikaji naye asipofika, malalamiko yake yanaweza kutupwa, kwa hiyo usikubali kupangiwa safari ya kikazi ya ghafla kwenda Kibondo siku hiyo.

Kabla ya hayo yote tulikuwa karibu kufanya mgomo. Mmoja wa vijana wa upakiaji, mwenye damu ya moto, alipendekeza tufunge geti asubuhi ambayo boti ingekuwa inasubiri mzigo, na kusema kweli hoja yake ilikuwa ileile niliyoieleza juu, kwamba hulipwa kwanza yule anayeweza kuisimamisha kazi. Nilivutiwa nayo. Lakini sheria yetu inatofautisha mgogoro wa maslahi, kama vile madai ya kuongezewa mshahara, na malalamiko, yaani mgogoro unaotokana na kukiukwa kwa mkataba au sheria. Mgomo halali unahusu mgogoro wa maslahi, tena baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa na notisi ya saa 48 kutolewa. Mshahara uliocheleweshwa ni malalamiko, na malalamiko hupelekwa Tume. Kwa hiyo watu wenye haki kabisa ya kulipwa wangeweza kujikuta wao ndio wavunjaji wa sheria, na mwajiri aliyekuwa hana pa kusimama angepewa mahali pa kusimama. Naiona tofauti hiyo kuwa chungu, lakini ndivyo ilivyo.

Kuacha kazi nako kuna mitego. Sheria inatambua kwamba mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kazi yasivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa kazi, na kuchelewesha mshahara mara kwa mara kunaweza kuwa hoja katika dai hilo. Hata hivyo, anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, na ataulizwa kama alitumia njia zilizokuwapo za kulalamika kabla ya kuondoka. Ndiyo maana barua zenye muhuri na risiti ya Posta zina kazi hata kwa mtu ambaye moyoni ameshaondoka. Kijana yule wa upakiaji aliondoka kwa hasira Jumatatu moja bila kuandika chochote, akawa mtoro kazini kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi. Mimi nilikaa hadi awamu ya tatu ikalipwa, ikiwa imechelewa kwa wiki moja, na ndipo nikatoa notisi ya siku 28, ambayo ndiyo ya chini kabisa kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi, nikaondoka na cheti changu cha utumishi na malipo ya likizo niliyokuwa sijaitumia.

Kabla sijasahau, anayecheleweshewa mshahara aende pia ofisi ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, akaombe taarifa ya michango yake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo sehemu ya mfanyakazi inayokatwa haizidi asilimia 10, na mwajiri anayeshindwa kulipa mshahara kwa wakati mara nyingi huwa ameanza kwa kutokupeleka fedha hizo, kwa kuwa hakuna anayezidai kila mwezi. Mimi nilikuta mapengo ya miezi 4. Kwa wale ambao ni watumishi wa umma, wanapaswa kwanza kufuata ngazi zilizowekwa katika sheria ya utumishi wa umma, kwa hiyo niliyoyaeleza kuhusu Tume wasiyachukue kama yalivyo.

Anayenikaa moyoni zaidi katika habari hii ni mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Ujiji, ambaye tulipokuwa tukikusanya saini alisema yeye hahusiki kwa sababu hana mkataba, aliingia kazini kwa kuambiwa tu "njoo kesho". Alikuwa amelinda ghala lile kwa miaka 3. Tulikaa naye kwenye benchi la getini jioni moja, akiwa na tochi yake mapajani, tukamuuliza alianza lini, akakumbuka kwamba ulikuwa msimu wa embe na mvua zilikuwa zimeanza. Nani alimwajiri, akataja. Alikuwa akipewa fedha siku gani, akasema mwisho wa mwezi, mkononi, na mke wake ndiye aliyekuwa akizihesabu. Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ndio mkataba, ila haujaandikwa." Alicheka kidogo. Kisha akauliza kama asiyejua kuandika anaweza kuwekwa kwenye orodha. Nikatoa kidau cha wino cha stoo, akabonyeza dole gumba mara moja, akaliangalia alama yake, na akaniomba niandike pembeni tarehe ya siku ile.